Kasida Iliyopita Ukutani

Nilianza kutunga nikiwa mzee. Kabla ya hapo nilifundisha watoto wa madrasa hapa mtaani Buyenzi kasida zilizotungwa na wengine, na sikuona upungufu. Kisha mwaka mmoja, Maulidi ya mtaa ikikaribia, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka baada ya swala ya alfajiri, na kasida ikanijia. Maneno na mahadhi vilikuja pamoja. Sikufuta hata neno. Nilisali rakaa mbili za shukrani, kisha nikaenda kunywa chai.

Watoto waliishika upesi kuliko kasida yoyote niliyowahi kuwafundisha. Waliiimba hata njiani. Nilichukulia kuwa ni baraka.

Asubuhi moja nilikuwa naiimba nyumbani huku nikipiga kanzu pasi. Mke wangu, aliyekuwa anachambua mboga za lengalenga, akasimamisha mikono.

"Muzee, mbona unaimba pombe?"

"Ninaimba sifa za Mtume."

"Maneno ni ya Mtume, sikatai. Ile sauti ni ya pombe. Ni tangazo la redio."

"We umelisikia wapi?"

"Kwa jirani. Mi niko jikoni, redio iko kule, ukuta ni mwembamba. Hata hiyo 'burudisha moyo' yako imo. Wao wanasema koo."

Jirani yetu ni fundi cherehani, Mkristo, mtu mpole. Redio yake huamka kabla yake. Nilikaa uani mpaka tangazo likapita. Mke wangu hakukosea. Waimbaji, nisiwadhulumu, walikuwa na sauti nzuri.

Nimesoma fikihi miaka mingi. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hukumu ya pombe inayoingia kwa masikio mtu akiwa amelala. Ndivyo nilivyoelewa ilivyotokea: akili ilipokea mali, ikatupa jina la mwenyewe, kisha ikaniletea kama zawadi.

Kuiacha kulikuwa kugumu. Wazazi walikwisha shonesha kanzu, na watoto hawakuwa na kasida nyingine tayari. Kuiimba maana yake ni kumsifu Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa sauti ya bia mbele ya masheikh wa mji mzima. Na hicho kilikuwa kitu pekee nilichowahi kutunga.

Nikaenda kwa imamu wetu, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Akaomba nimwimbie. Kufikia ubeti wa pili kidole chake kilikuwa kinagonga meza. Aliona kwamba nimeona, akaingiza mkono mfukoni.

"Mwalimu, maneno yaache," alisema. "Badilisha mahadhi."

Nilijaribu kutunga mengine. Kila nilipoanza vizuri, mstari wa tatu ulirudi kwa jirani. Mwishowe nilichukua mahadhi ya kasida ya zamani inayojulikana na kila mtu, nikawafundisha watoto upya. Walinitii, kwa huzuni.

Siku ya Maulidi waliimba ubeti wa kwanza kama nilivyowaagiza. Katika ubeti wa pili, msichana wa mstari wa mbele aliteleza akarudi kwenye mahadhi ya kwanza, na wote wakamfuata kwa furaha. Nikainua mkono kuwazuia. Wakadhani nataka waongeze sauti, wakaongeza.

Vijana kadhaa walitazama chini. Hakuna aliyesimama kulalamika, kwa sababu angelazimika kueleza tangazo la bia amelisikia wapi. Imamu alifumba macho. Mikono yote miwili ilikuwa mfukoni.

Baada ya dua, mzee mmoja mgeni kutoka Gatumba alinishika mkono.

"Mwalimu, haya mahadhi umeyatoa wapi? Mi nayajua."

Ningeweza kumwambia yametoka kwa Mungu, na sina hakika kama ungekuwa uongo. Lakini nilimwambia ukweli ninaoujua.

"Redioni. Tangazo la bia."

Hakuniachia mkono.

"Apana," akasema. "Mi redio sina. Haya mama yangu alikuwa anayaimba akitwanga majani ya sombe."

Sikumbishia. Huenda watu wa tangazo nao waliyapokea kwa mama zao. Huenda yeye aliyasikia dukani, na akili yake ikayapa jina la mama yake. Nilimwomba anionyeshe jinsi mama alivyoimba. Akaanza kwa sauti ya chini, vizuri kabisa, kisha kwenye mstari wa tatu akapotea.

Nikamsaidia.