Skrini Iliyokataa Kulala

Mke wangu anakula kwa masikio yake. Mimi nimekula kwa mgongo, miaka ishirini na sita ya kubeba magunia na kusimamia mashine ya kusaga nafaka, lakini yeye kazi yake ni kusikiliza. Baraza la mji likikaa, mkutano unarekodiwa, rekodi inaletwa nyumbani kwetu, naye anavaa vile visikilizio vyake na kuandika kila kitu: nani kasema nini, nani kamkatiza nani, nani kakohoa kabla ya kupiga kura. Miaka kumi na minane hajawahi kurudishiwa ukurasa hata mmoja.

Karani wa baraza ndiye aliyempa jina la Bi Sikio, na jina likamganda. Siku moja tukiwa foleni kwenye zahanati, alininong'oneza kwamba mzee aliyekaa nyuma yetu ni mwenyekiti wa kamati ya maji taka. Hakuwa amemwona hata siku moja. Alimjua kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya kulalamika. Nikageuka nikamuuliza yule mzee, na kweli ndiye, na alikuja kulalamika.

Aninong'onezapo inabidi achague sikio. La kushoto mashine ya kusaga ilishalila zamani. La kulia lipo, ila linafanya kazi likitaka lenyewe. Nalitaja hili mapema kwa sababu lilikuja kuleta balaa.

Chumba anachofanyia kazi kilikuwa stoo yangu ya magunia matupu. Alininyang'anya kwa maneno matamu, nami nikanyang'anyika. Akabandika trei za mayai ukutani kuanzia chini mpaka juu, akasimamisha godoro kuukuu nyuma ya mlango, akatandaza magunia yangu sakafuni. Ukiingia mle na kufunga mlango, mtaa mzima unapotea. Ndicho chumba kimya kuliko vyote nyumbani, na huenda kuliko vyote mjini.

Ana mazoea yake. Kila baada ya saa mbili anailaza kompyuta bila kuizima, anavua visikilizio, anafumba macho, na kwa dakika kumi hasikilizi kitu. Anasema masikio ni kama ng'ombe wa maziwa, huwezi kumkamua siku kutwa. Lakini sababu yenyewe ni mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa mshonaji mwenye jina. Alipofika miaka arobaini na minane alianza kusikia mvumo mdogo kichwani, kama mbu aliye chumba cha pili. Baada ya miaka miwili mvumo ukaondoka, na kila kitu kingine kikaondoka nao. Tangu hapo mke wangu anayatunza masikio yake kama yai.

Sasa mimi na wema wangu. Mwaka jana niliona anakodolea macho kile kikompyuta chake kidogo, herufi kama sisimizi. Kulikuwa na ofisi ya wachora ramani inafungwa, wanauza vitu. Nikakuta skrini moja kubwa kama mlango wa kabati, nzito kama debe la mahindi. Muuzaji akaniambia haina tatizo lolote. Nikaibeba begani mwenyewe, nikaiweka mezani, nikachomeka nyaya, nikarudi nyuma kuitazama. Mke wangu alishika mdomo kwa furaha. Nilitembea wiki nzima kifua mbele, na sikuigusa tena ile skrini. Kuigusa ya nini, na inafanya kazi.

Kumbe kuanzia wiki ile ile alianza kusikia mvumo.

Akivaa visikilizio hausikiki. Akivivua, akiilaza kompyuta na kufumba macho ili apumzike, huo hapo: mwembamba, haupandi wala haushuki. Aliuchunguza kwa akili zake zote, na kila alilochunguza lilimwongezea hofu. Jikoni haupo, lakini jikoni kuna redio na masufuria. Kitandani haupo, lakini kitandani nipo mimi, na nasikia kwamba nakoroma. Upo kwenye kimya tu. Kule zahanati, muuguzi alimulika masikio akasema ni safi, akampa kikaratasi kinachoeleza kwamba masikio yanayoanza kuharibika huvuma zaidi mahali palipo kimya, na akamwandikia tarehe ya mtaalamu, miezi miwili mbele.

Hayo yote sikuyajua. Mimi najua kwamba siku moja aliniita mle chumbani.

"Baba watoto, hebu simama hapa. Unasikia kitu?"

Nikasimama. Nikafumba macho kama mtu anayeonja chumvi. Nikageuza sikio la kulia huku, nikaligeuza kule.

"Hakuna kitu," nikasema. "Kimya kabisa."

"Una uhakika?"

"Mke wangu, hata sisimizi akipita ningesikia."

Akasema asante, akatabasamu, nikarudi kwenye mashine yangu nikiwa nimeridhika kwamba nimemsaidia mwenzangu. Nikikumbuka jibu lile nataka kujizaba kofi. Mwanamke anaogopa kwamba anakuwa kiziwi, anatafuta shahidi, na dunia nzima anamchagua msaga nafaka.

Alificha miezi minne. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na karani. Karani alileta barua: baraza linataka Bi Sikio achukue mikutano yote, kamati zote, kwa miaka mitatu, na jibu litolewe kabla ya Ijumaa saa sita. Ndiyo kazi aliyokuwa akiiomba tangu binti zetu wakiwa shule ya msingi. Niliporudi Jumatano nikiwa na hamu ya kusherehekea, nikamkuta mezani na barua ya kukataa, ameshaiandika na kuiweka kwenye bahasha.

Hapo ndipo aliponieleza yote. Hakulia. Aliongea taratibu, kama anasoma alichonakili.

"Siwezi kuwaahidi miaka mitatu masikio nisiyojua kama yatafika mwakani," akasema. "Nitakuja kuandika uongo bila kujua. Afadhali niwaache wakiwa bado wananiamini."

Nikamwambia angoje mtaalamu. Akasema mtaalamu yuko mbali na Ijumaa iko keshokutwa. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

"Naomba kitu kimoja," akasema. "Kesho kaniletee mama. Nataka anifundishe."

"Akufundishe nini?"

"Namna ya kuishi."

Mama mkwe wangu ana miaka sabini na minane, na ana maneno makali, wala hajui sauti yake ina ukubwa gani. Anasoma midomo ya binti yake vizuri sana. Yangu haisomi, anasema masharubu yangu ni uzio. Alhamisi asubuhi nilimfikisha, akanywa chai, akatutazama mmoja mmoja, akasema mbona nyumba imekaa kama ya msiba. Mke wangu akamshika mkono akampeleka chumbani. Nikafuata.

Kuna benchi dogo mle pembeni ya meza. Mama akakaa. Mambo mazito kati yao hayaachiwi midomo, huandikwa. Mke wangu akakuza herufi mpaka zikajaa skrini nzima, akaandika: MAMA, MASIKIO YANGU YAMEANZA KUVUMA KAMA YAKO.

Mama alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Nilitegemea atalia au ataomba dua. Akauliza, kwa sauti ya kumfikia jirani, "Lini na lini?"

"Nikipumzika," mke wangu akasema kwa midomo.

"Wapi?"

"Hapa."

"Hapa tu?" Mama akakunja uso. "Wangu ulinifuata mpaka kisimani."

Mke wangu akaeleza habari ya kimya, ya jikoni, ya kukoroma. Mama akanitupia jicho kuhusu kukoroma. Kisha mke wangu akailaza kompyuta ili amwonyeshe. Herufi zikazimika, skrini ikawa nyeusi, akafumba macho, akainua kidole: umeanza.

Mama akataka kusimama amkumbatie. Magoti yake hayamtii siku hizi, lazima ashike kitu, na kilichokuwa karibu ni ile skrini. Akaweka kiganja juu yake ili ajiinue. Hakujiinua. Aliondoa kiganja, akakitazama, akakirudisha.

Niseme jambo kuhusu kiganja kile. Mama alipokuwa kiziwi, watu walidhani cherehani yake itauzwa. Hakuiuza. Alishona miaka ishirini mingine, mkono mmoja kwenye kitambaa na mwingine umelala juu ya cherehani, na alijua kwa kiganja kama uzi umebana, kama sindano inataka kukatika, kama mafuta yamekwisha. Nguo ya harusi ya mke wangu ilishonwa hivyo.

"Hii haijalala," Mama akasema.

Nikamwonyesha kwa mikono kwamba imezimika, ona ilivyo nyeusi. Hakunijali. Akaupeleka mkono nyuma, kwenye vitundu ambavyo sikuwahi kuviona, akautuliza hapo.

"Ndani kuna kitu kinazunguka. Viwili. Na kinatoa joto. Mkwe, lete mkono wako."

Akaushika mkono wangu akaubandika. Kuna kazi moja tu ninayoijua hapa duniani, nayo ni kujua kwa kiganja kama mashine inazunguka. Ilikuwa inazunguka. Ilitetemeka kidogo sana, na hewa ya uvuguvugu ikanipulizia vidole. Zawadi yangu. Niliibeba begani mwenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Mke wangu alikuwa amefumbua macho. Alitutazama sisi wawili tumeikumbatia ile skrini kama wezi, hakuelewa. Nikainama chini ya meza nikashika waya. Mama akatikisa kichwa, ngoja. Akamgeuza binti yake kwa bega mpaka akatazama ukuta, asione mikono yetu.

"Fumba macho," akamwambia. "Mvumo ukikoma, sema." Kisha akanipa ishara.

Nikachomoa.

Mama alikuwa na kiganja nyuma ya skrini, na uso wake ulikuwa unafuata kitu ambacho mimi sikukisikia. "Inapungua," akasema. "Inapungua. Inapungua."

"Umekoma," mke wangu akasema, akiwa amegeukia ukuta.

"Imesimama," Mama akasema, papo hapo, juu ya neno la mwenzake.

Mmoja alijua kwa sikio na mwingine kwa mkono, na hawakupishana hata kwa pumzi. Tukarudia. Nikachomeka, mke wangu akainua kidole. Nikachomoa, wakasema pamoja. Mara tano, na mara ya tatu nilijifanya kuchomoa bila kuchomoa, nikamsikia akisema, "Acha utani, bado upo." Baada ya hapo akakaa chini juu ya magunia na kulia kilio alichokuwa amekiweka miezi minne. Nami nililia. Mama akatuambia tusilowanishe nyaya.

Nilimpigia fundi wa kompyuta.

"Hizo skrini kubwa zina feni zake ndani, mzee," akanijibu. "Kompyuta ikilala, skrini inazima picha tu. Feni zinaendelea. Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Na hamkusikia?"

"Mmoja alisikia," nikasema. "Mwingine alibisha."

Siku ile ile nilifunga swichi ukutani pale pale mkono wa mke wangu unapofika bila kuinuka. Akilaza kompyuta, anazima na swichi. Ijumaa asubuhi alichana bahasha, akaandika barua nyingine ya mistari miwili, akaniambia niipeleke kwa miguu yangu mwenyewe na nisimpe mtu mwingine yeyote. Karani aliisoma mbele yangu, akacheka, akagonga muhuri.

Tarehe ya mtaalamu hakuifuta. Ni Mama aliyekataa isifutwe. "Haya yalikuwa ya skrini," alisema. "Yakija ya kwako siku moja, yakukute umejiandaa." Kwa hiyo jioni zile alizokaa kwetu alimfunga binti yake kitambaa machoni, akamwekea mkono juu ya cherehani ya jirani, na kumfundisha kujua uzi uliobana. Mimi pia niliandikiwa tarehe, bila kuulizwa.

Niliporudi kutoka kwa karani Ijumaa ile, ilikuwa muda wa mapumziko. Nikachungulia mlangoni. Kompyuta imelala, swichi imezimwa, na wao wawili wamekaa, Mama kwenye benchi na mke wangu kwenye kiti. Mama alimgusa goti.

"Sasa unasikia nini?"

Mke wangu akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, kwa yale masikio yanayomjua mtu kwa pumzi. Kisha akatikisa kichwa: hakuna kitu, hakuna kabisa.

"Karibu kwangu," Mama akasema, na akasogea kidogo kwenye benchi ili ampishe akae.