Sauti Iliyotuita kwa Majina

Mwanangu, kuna asubuhi moja kijijini kwetu Vitongoji ambayo mpaka leo nikiikumbuka mikono hunifa ganzi. Jua lilikuwa kali, upepo umekatika, nasi wanawake sita tumekaa ukingoni mwa pwani tunaponda makumbi. Sijui kama kazi ile umewahi kuiona. Makumbi ya nazi hufukiwa topeni kwa miezi, yakishaoza hutolewa yakapigwa magongo mpaka zibaki nyuzi tupu za kusokotea kamba. Yananuka, ila ukizoea husikii tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Na nilikuwa na majivuno, usinione hivi. Muhula ule tulisomeshwa saikolojia ya jamii, na somo lililonikaa zaidi lilikuwa hili: likitokea jambo la hatari penye watu wengi, kila mmoja humtazama mwenzake. Akimwona katulia, naye hutulia, akidhani mwenzake anajua zaidi. Kumbe yule naye anamtazama yeye. Tena jukumu la wote hugawika mpaka hakuna anayeliona kuwa lake. Kwenye mtihani niliyaandika hayo kurasa tatu. Mwalimu akaniwekea "vizuri sana" kwa wino mwekundu.

Nyuma yetu palikuwa na shamba la bwana mmoja aliyehama baada ya Mapinduzi. Nyumba ilikwisha kuanguka, mikarafuu imezongwa na mwitu, na hapakuwa na aliyetaka kulima pale. Watu walisema pana wenyewe, yaani majini.

Basi tulipoweka magongo chini ili tunywe maji, tukasikia.

"Salama..."

Sauti ilitoka shambani, kavu, ya kukwaruza, kama inapanda kutoka chini ya ardhi. Hukuweza kujua ni ya mume au ya mke. Bi Salama, mkubwa wetu sote, akabaki na kata ya maji mdomoni. Hakuitika. Wewe umezaliwa mjini lakini bila shaka umeambiwa: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza.

"Mwanaisha..." ikasema. Kisha, "Raya..."

Mmoja mmoja, mwanangu. Pole pole.

"Si mtu huyo," Raya akanong'ona. "Mtu angalisema anataka nini."

Nikamtazama Bi Salama. Uso wake umetulia. Nikawatazama wengine, nao ni hivyo hivyo. Moyo ulikuwa unaniambia niinuke nikatazame. Lakini nikajiambia, hawa ndio wanaoyajua ya hapa. Nikiinuka watasema chuo kimeniharibu akili. Bi Salama akachukua gongo akaanza kuponda, nasi tukamfuata. Tuliponda kwa nguvu ambayo hatujawahi kupondea. Kila tukisita, sauti ipo. Kila ikiwapo, tunaponda. Hatukukubaliana hivyo, hakuna aliyesema neno.

Mwisho ikaita, "Mwalimu Zuhura..."

Ualimu wenyewe nilikuwa sijaupata, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akinitania kwa jina hilo: Bi Mize, jirani yetu. Lakini Bi Mize alikwenda Madungu kwa dada yake tangu jana yake alasiri. Sote tulimwona akiaga. Nikaona basi jini limeuazima utani wake. Ndivyo akili inavyofanya kazi ikiwa haitaki kuinuka.

Kabla ya adhuhuri sauti ikakoma. Tukashusha pumzi. Ndiyo, mwanangu, tulifurahi.

Alasiri akapita Mzee Khatibu anatafuta mbuzi wake. Mzee huyu kijiji kizima kilimcheka kwa woga. Penye shamba lile hakupita ila awe na mwenzake. Siku hiyo hakuwa na mtu. Akasikia mtu anagumia mwituni. Akaingia huku anasoma Ayatul Kursi, akakuta kisima cha zamani kilichofunikwa na majani, na chini yake Bi Mize, mguu umevunjika. Alikata njia pale ili awahi gari, ardhi ikamtoka miguuni. Alikuwamo tangu jana. Mzee Khatibu akapiga ukelele, wanaume wakaja na kamba, wakamtoa.

Raya alimuuliza, "Hukuogopa, Mzee?"

"Niliogopa sana," akasema. "Lakini nilikuwa peke yangu. Ningemtazama nani?"

Tulikwenda hospitali ya Chake kumjulia hali. Bi Mize hakulia wala hakutulaumu. Kwa sauti ile ile ya kukwaruza, ambayo ilibaki naye mpaka alipokufa, akasema, "Nilikuwa nikiyasikia magongo yenu. Niliomba msaada mpaka sauti ikanikauka, magongo yakanifunika. Nikasema niwaite kwa majina, mjue ni mtu anayewajua, nanyi mkazidisha." Kisha akanigeukia. "Weye nilikuweka mwisho. Nilijua weye utakuja."

Nje, Bi Salama akanishika mkono. "Mie nilikuwa nikikutazama weye," akasema. "Nikasema huyu kasoma. Angelikuwa mtu, Zuhura angeliinuka."

Bi Mize alipona, akawa anatembea kwa mkongojo. Lakini hakumwita mtu kwa jina tena. Akikuhitaji, alikuja taratibu mpaka akasimama nyuma yako, akakuwekea mkono begani. Ulikuwa unaruka kwa kushtuka. Wala hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia aache.

Mwanangu, somo lile nimelisomesha miaka mingi, na kila nilipolisomesha niliwaambia wanafunzi kwamba mimi nililifaulu kwenye karatasi tu. Kimya cha watu wengi kina hila: hakifanani na ujinga, kinafanana na busara. Siku hizi nakiona hata kwenye makundi yenu ya simu. Mtu anaandika kwamba hali yake si nzuri, watu arubaini wanasoma, na kila mmoja anangoja mwengine ajibu.

Basi nakuomba hivi. Mkiwa wengi na jambo likakutia shaka, itoe shaka yako kwa sauti, hata ikitetemeka. Sema tu, "Mie nina wasiwasi, nakwenda kutazama." Huenda watano walio karibu nawe wanangoja neno hilo hilo. Ukikuta hakuna kitu, watakucheka hadi magharibi, kisha watasahau. Ukikuta mtu, utalala usingizi ambao mimi nimeukosa mara nyingi. Na unapotafuta wa kumtazama usoni ili ujue la kufanya, jua kuna anayekutazama wewe.

Mwenyezi Mungu akujaalie moyo usiosubiri ruhusa ya kufanya wema, akuepushe na aibu ya kukaa pale ulipotakiwa uinuke, na siku utakapokuwa wewe ndiye unayeita, akuletee wa kukuitika. Amin.