Kable ya mama-mukwe

Pale Mususa, mu Butembo, kila mutu mwenye simu anamujua Phinées. Nyumba yake ya kucharger iko na panneau mbili za jua juu ya bati, na toka asubuhi simu za batu zinalala pale juu ya ubao sawa samaki kavu ya soko. Phinées ni mutu wa sala na wa kazi. Kiburi chake chote kiko mu makasi.

Ile makasi ilianza hivi. Alikuwaka na ordinatere, kompyuta ya kuuzishia nyimbo. Bajeune, vijana ba pale, banakuja kucharger, akigeuka kidogo tu, banachomeka simu kwa ordinatere yake, banajibebea nyimbo bure. Phinées akapasua kable moja akaangalia ndani. Akakuta nyuzi ine: mbili zinabeba courant, ule umeme, mbili zinapitisha nyimbo. Akakata zile za nyimbo, akafunga shingo ya kable na scotch nyeusi, ule utepe wa kunata. Simu inajaa, wimbo haupite. Akafurahi sana, akakata kable zote za nyumba. Hata jirani akileta yake kutengeneza, Phinées anaikata vilevile, kwa kumusaidia. Ukiona scotch nyeusi kwa shingo ya kable pale Mususa, ujue ni mukono wake.

Njo akaingia mu mambo ya couveuse, mashini ya kuangulia mayai. Akapiga sanduku ya mbao, akatia lampe, na carte moja ndogo sawa kiberiti, njo inaambia lampe saa ya kuwaka na saa ya kupumzika. Carte hiyo ilitengenezwa na Zorobabel, fundi wa kule Bungulu, Beni. Mayai ilitoka kwa Mama Tamar, mama-mukwe wake, naye wa Bungulu. Kuku zake ni za mbegu aliyoachiwa na mama yake, hauzishi, hachinji ovyo. Alitoa mayai na neno moja kwa binti yake Solange:

“Ambia bwana yako, kuku hana bouton ya kufinya.”

Sasa, Beni ni joto. Butembo, hata blanketi inasikia baridi. Lampe yenye kupumzika muzuri kule Bungulu, ikipumzika vile Mususa, mayai inapoa. Phinées akapigia Zorobabel simu.

“Papa Phinées, ni kitu kidogo. Chomeka carte kwa ordinatere, badilisha namba moja, lampe ipunguze kupumzika. Basi.”

Phinées akachomeka. Taa ndogo nyekundu ya carte ikawaka. Ordinatere ikanyamaza, sawa carte haiko. Akajaribu tundu ingine. Akazima, akawasha. Zorobabel akamwambia pengine inakosa pilote, ile programu ya kujulisha ordinatere carte. Akaishusha kwa internet, ikakula megas zake zote. Akafinya kabouton ka carte. Akaipulizia, sawa mutu anayewasha makala. Akaazima kable ya Kitsa wa pharmacie, akaazima ya Lusenge mushonaji. Taa inawaka, ordinatere kimya.

“Haiko kable njo mubaya?” Zorobabel akauliza.

“Kable? Taa si inawaka? Na kable zote za huku, ni miye mwenyewe nilizitengeneza.”

Solange alikuwa anatia chupa za maji ya moto mu sanduku na kuifunika na blanketi ya mutoto wao Shekinah. Ni hapo Mama Tamar akafika kutoka Beni. Hakukaa. Akatia mukono mu sanduku.

“Solange.”

“Mama.”

“Ambia bwana yako, mayai yangu inakufa na baridi.”

Phinées alikuwa palepale, angetaka angemugusa. Lakini kwetu mama-mukwe na mukwe wake wa kiume habarushiane maneno. Mutu wa katikati njo anabeba. Akaangalia chini.

“Ambia mama, ni ordinatere njo haione carte.”

“Ambia bwana yako, kuku wangu haombake kuonwa na ordinatere.”

Simu ya Mama Tamar ikalia mu sac: courant inaisha. Solange akataka kuiweka kwa ubao.

“Acha. Miye kwa mukwe sichargeri. Mayai nilileta, na courant tena niombe? Peleka kwa jirani.” Akatoa chargeur yake mwenyewe na kable yake, ya kununua Beni.

Solange akafika kwa mulango, akasimama. Akaangalia shingo ya ile kable. Nyeupe, safi. Akaangalia kable za bwana yake kwa ubao, zote na scotch nyeusi sawa batu ba matanga. Akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

“Baba Shekinah. Hii ya mama haujaikata.”

Phinées akageukia makasi yake yenye kutundikwa kwa musumari. Bateja banne ba kungoja simu zao bakamugeukia yeye. Kuomba kitu cha mu sac ya mama-mukwe ni haya kubwa, lakini mayai ilikuwa inazidi kupoa.

“Ambia mama… kama anaweza… kidogo tu…”

“Anasema nini?”

“Anaomba kable yako, mama.”

“Ya kukata?”

“Ya kuponya mayai.”

“Apeleke makasi inje kwanza.”

Phinées akabeba makasi yake mbele ya bateja, akaiweka kule inje juu ya jiwe. Akarudi, akachomeka. Ordinatere ikalia ndi-ndu, carte ikaonekana. Akabadilisha namba moja. Lampe ikawaka, ikakaa inawaka.

Mama Tamar akasema harudi Beni mpaka aone kifaranga. Siku yai ya kwanza ilipasuka, Solange alikuwa soko. Mu nyumba walikuwa babili tu, na sanduku inalia piu-piu. Mama Tamar akageukia ukuta.

“Weye ukuta, ambia mukwe wangu yai inapasuka.”

Phinées akainuka, akaangalia, akageukia ukuta uleule.

“Weye ukuta, ambia mama wasingya, aksanti sana. Na umuulize kama ile kable anaweza kutuachia.”

Mama Tamar akagonga ule ukuta na kidole.

“Mwambie nitaiacha,” Mama Tamar akasema. “Lakini makasi narudi nayo Beni.”