Leo nimemfungia mama yangu mlango

Leo nimemfungia mama yangu mzazi mlango wa hospitali.
Munisamehe makosa ya kuandika.

Asubuhi pipa la klori, ile dawa ya kusafisha maji, limepasuka bandarini. Watu wakaanza kutufikia kwa pikipiki, macho mekundu, wanakohoa mpaka kutapika.

Muuguzi mwenzangu alimkumbatia mgonjwa wa kwanza ili amuingize. Haukupita muda, naye akaanguka, anatafuta pumzi.
Dawa ilikuwa kwenye nguo za mgonjwa.

Mkubwa wetu, Mama Chantal, akapiga kelele: "Hakuna kuingia na nguo! Wavue, wamwagiwe maji hapo nje!"

Nikafunga mlango. Ndani kulikuwa na watoto wachanga.

Halafu nikasikia: "Fungua, njo mimi, mama yako!"

Anauza samaki bandarini. Jamani, sikuwa nimemuwaza hata kidogo.

Nikavaa glavu, nikatoka na ndoo.
"Mama, vua nguo zote."
"Mbele ya watu? Mbele yako, mutoto niliyekuzaa?"

Nikamvua mwenyewe. Wamama wengine wakashika vikwembe vyao vya kujifunga kumzunguka, na mimi nikawa namwagia maji bila kumtazama. Alikuwa analia kwa sauti. Kisha akanyamaza ghafla. Hapo njo niliogopa kabisa.

Sasa amewekewa oksijeni. Anapumua. Muda si mrefu uliopita amefungua macho, akaniona, akageukia ukutani.

Niko hapa pembeni ya kitanda.
Wewe ungefungua?