Boti Pana Katikati ya Chai

Baba yangu alitengeneza boti Kapsoit, huku vilimani Kericho, mahali ambapo maji mengi tunayoyajua ni ya mvua ya saa tisa mchana. Tena haikuwa boti ya hivihivi. Ilikuwa katamarani, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa sakafu moja juu, kijumba cha kupumzikia katikati, na injini mbili nyuma. Aliiona kwenye simu mwaka aliostaafu ufundi wa mashine katika kiwanda cha chai, na tangu siku hiyo nyumbani hatukupumua.

Sifa zake nilizijua zote kabla ubao wa kwanza haujakatwa. Haiyumbi, kwa sababu imesimama juu ya maji kwa miguu miwili. Haizami sana, kwa hiyo inasogea karibu kabisa na nchi kavu. Injini moja ikikataa, nyingine inakurudisha. "Unaweka kikombe cha chai mezani," baba alituambia kila jioni, "na hakimwagiki hata tone."

Mama naye alikuwa na orodha yake, aliyoipata kwenye simu hiyohiyo baba akiwa bafuni. Injini mbili ni midomo miwili ya kunywa petroli. Upepo ukiipiga ubavuni, inasukumwa ovyo. Wimbi likiingia kati ya mitumbwi linagonga sakafu kutoka chini kwa kishindo. Na ni pana mno, popote ikisimama inachukua nafasi ya boti mbili. Sifa moja tu ndiyo iliyomnyamazisha: kila mtumbwi una kitanda chake, na baba hukoroma kuliko mashine zote alizowahi kutengeneza.

"Miaka arobaini nimeomba," aliniambia, "kumbe jibu lilikuwa mitumbwi miwili."

Basi mbao zikaanza kuingia moja moja, begani, kwa njia nyembamba inayopita kando ya shamba la jirani yetu. Huyo jirani ni mama mzee Mkipsigis, mjane, na sisi tulimwita Kogo, yaani bibi, tangu utotoni. Chai yake imetuzunguka pande tatu, na upande wa nne ni bonde. Watu wa kanisani walimwita baba Nuhu. Mimi niliona wanamwonea Nuhu bure, kwa sababu yeye aliletewa maji mpaka mlangoni.

Baba hakuwa mjinga kabisa. Kabla ya kuanza alipima njia ya kuitoa boti. Alichukua kamba, akaingia shambani mwa Kogo bila kubisha hodi, akapima kutoka uani kwetu mpaka barabara ya lori. Mwaka ule Kogo alikuwa amepogoa chai yake yote, na visiki vilisimama chini ya magoti, udongo ukionekana baina ya mistari. Baba akapiga hesabu kwamba mtumbwi mmoja utabebwa huku, mwingine kule, na visiki vitapita chini ya sakafu. Hesabu ilikuwa safi. Alirudi akipiga mluzi.

Miaka miwili baadaye boti ilikuwa tayari, nyeupe, nzuri kuliko nyumba yetu. Siku hiyo ndipo baba alipoinua kichwa akaitazama njia yake. Chai ilikuwa imefika kiunoni na kufungamana mpaka kuku asingeweza kupenya. Nilimuuliza kama boti haiwezi kukatwa vipande viwili. Akaniuliza kama mimi ningependa.

Tungeweza kungoja. Kogo hupogoa kila baada ya miaka minne, kwa hiyo ilibaki miwili. Lakini baba alikuwa na presha ya macho, na mwezi uleule daktari alikuwa amemwambia asitegemee kuona kwa miaka miwili zaidi. Alizaliwa kando ya ziwa, akapanda huku kutafuta kazi akiwa kijana, na kitu pekee alichotaka ni kuliona tena akiwa katikati yake, kabla macho hayajafunga. Hakutuambia kwa maneno mengi. Aliacha tu kukoroma, na hapo mama akaogopa kweli.

Mimi ndiye niliyetumwa kwa Kogo, maana baba ni mwoga wa wanawake wote isipokuwa yule anayepaswa kumwogopa. Kogo alinipa kikombe cha mursik, maziwa yaliyochachushwa kwenye kibuyu, akaniangalia nikinywa, kisha akasema, "Haya, sema."

Nikasema.

"Mzee yako alipima shamba yangu bila kuniuliza?"

"Ndio, Kogo."

"Na alipima wakati nimekata?"

"Ndio."

Alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. "Miaka arobaini anafanya kazi ya chai, na hajui chai inamea?"

Kwa fundi wa kiwandani, chai ni kitu kinachoshuka kutoka kwa lori. Nikamwambia habari ya macho. Kicheko kikaisha. Aliokota kitambaa, akakifunga taratibu, akaniambia, "Maliza maziwa."

Asubuhi tuliamshwa na mlio wa panga. Ilikuwa msimu wa mvua, majani yamejaa, wakati ambao hakuna mtu mwenye akili anayepogoa. Kogo alikuwa ameanza kukata mistari minne, kutoka uani kwetu kuelekea barabarani, na majani mabichi yalilala chini pande zote. Baba alitoka na fulana ya kulalia, akasimama pale, mdomo wazi. Kisha akanyoosha mkono aombe panga amsaidie.

"Wewe utakata mguu," Kogo akamwambia. "Enda ushike boti yako. Na siku ya kwanza, mimi nakaa mbele."

Wanaume wa kanisa waliibeba mpaka kwenye lori la kuishusha ziwani. Mchungaji aliomba kwa urefu wake wa kawaida huku wao wakiwa wameishikilia hewani, na nilisikia maneno ambayo si ya kanisani.

Siku ya kwanza ziwani Kogo alikaa mbele, koti la kuokolea maisha juu ya koti la Jumapili, macho ameyafumba. Baba aliendesha, mimi nikimwelekeza. Alipozima injini, mama alimimina chai, akaweka kikombe mezani. Hakikumwagika. Kilikaa hivyo kwa dakika nzima, mpaka wimbi lilipogonga sakafu kutoka chini, likammwagia chai mama, aliyekuwa ameshatuonya.

Baba hakucheka. Alilitazama ziwa pande zote, polepole, akirudia. Kisha akageuza kiti, akalipa mgongo, akaelekea kule vilima vyetu vilipokuwa, vimefunikwa na mawingu meusi ya saa tisa.

"Umetutesa miaka miwili uone maji," mama alisema, akijipangusa, "na sasa unayapa mgongo?"

"Maji nimeyaona," baba alisema. "Natafuta ile mistari minne."

Kutoka pale hata mji wa Kericho wenyewe hauonekani. Kogo alifumbua macho kwa mara ya kwanza tangu tuondoke, akanyoosha kidole kuelekea mawinguni.

"Ile pale," akasema.

Baba alikaza macho kwa muda mrefu.

"Naiona," akasema.