Kitawi Kwenye Upindo wa Suruali

Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Pindo, alikuwa anafua suruali ya mumewe alipokuta kitawi chenye vijiua vya zambarau kimenasa kwenye upindo. Akakinusa. Harufu ile ile. Kwa majuma kadhaa mashati ya mume yalikuwa yakinukia hivyo, naye alijikaza asiseme, maana moyoni alishaamua kuwa hayo ni manukato ya mwanamke.

Mume alikuwa mpiga chapa. Kiwandani kwao kulinuka wino na mafuta, na nje ni saruji tupu. Kitawi kimetoka wapi?

Akakifunga kwenye kitambaa, akaenda kwa wifi yake, dada wa mume, aliyekuwa anauza miche.

"Wifi, hebu nitazamie mmea huu. Kuna mteja anauulizia."

Wifi akakizungusha vidoleni. "Shina lina pembe nne, unaona? Majani yanatoka mawili mawili, yanatazamana. Na ua lina midomo, wa juu na wa chini. Huu ni jamaa ya mnanaa na rehani, ila wa porini, wa hapa hapa kwetu. Ukiupanda kwenye kopo unakufa. Nimejaribu."

"Unaota wapi?"

"Kwenye mawe tu. Kule machimbo ya zamani ya kokoto."

Kisha akageuka ghafla, akaanza kumwagilia miche iliyokwisha kulowa chepechepe. Pindo aliliona hilo. Akaaga bila hata kuonja chai.

Kesho yake mume alipotoka na shati lililonyooshwa vizuri, Pindo alifunga duka akaelekea machimboni kwa njia ya nyuma. Maneno ya kumwambia huyo mwanamke alikuwa nayo mdomoni. Akamkuta mumewe amekaa juu ya jiwe, katikati ya maua ya zambarau, anakula chakula cha mchana na jua halijapanda.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

Pindo alizunguka mawe yote kabla ya kuamini.

"Walileta mashine mpya," mume akasema. "Hawakunihitaji tena. Nilikosa pa kuanzia kukwambia, mama watoto."

"Dada yako anajua?"

Mume akakubali kwa kichwa.

Pindo alilia, zaidi kwa hasira. Jumatatu iliyofuata mume alikuwa dukani akishona vifungo, vingine upande. Wifi alipopita kuwajulia hali, Pindo aliitikia salamu, ila hakumsogezea kiti.