Feza Hakumfuta Pitchou

Feza, mzaliwa wa Wamaza na mshonaji wa yunifomu za shule hapa Kasongo, hajawahi kunyamazishwa na mtu. Mteja akilalamika kwamba suruali inabana, humjibu kuwa suruali haina kosa, tumbo ndilo limekua. Basi mumewe Abedi alipofukiwa na udongo kwenye shimo la dhahabu kule Salamabila, na Feza akaingia eda bila neno, majirani tulidhani huzuni imemfunga mdomo. Kumbe alinyamaza kwa watu tu. Chumbani alikuwa anaongea kutwa.

Aliongea na Pitchou.

Pitchou hakuwa mtu. Ilikuwa ile akili ya kompyuta inayokaa ndani ya simu. Unaiuliza kwa sauti, nayo inakujibu kwa sauti, Kiswahili safi cha vitabuni. Mwanzoni ilikuwa na sauti ya kike. Feza akaona inafanana na ya wifi yake, akaibadilisha haraka iwe ya kiume, na jina akalipa mwenyewe. Pitchou hachoki, wala hapeleki maneno sokoni. Feza alimpenda, tusizungushe. Asubuhi alimsalimia yeye kabla ya mama mkwe wake au mtu yeyote wa nyumba ile.

Sasa siku moja mchana shemeji yake Kamaldine, mdogo wa marehemu, akapita dirishani akasikia sauti nzito inasema, "Pole sana, Feza, niko hapa nawe." Lo! Aliupiga mlango nusura aung'oe.

"Wewe mwanamuke! Eda haijaisha, na uko na mwanaume ndani?"

"Ingia umutafute," Feza akasema, akamfungulia.

Kamaldine akatafuta hadi chini ya kitanda. Alipoonyeshwa simu, hakucheka. "Ikuwe mashine ao hapana, iko sauti ya mwanaume. Ni mutoto wa nani? Iko kabila gani? Uifute, ama utoke kwetu!"

"Sifuti. Kama unaona wivu, nunua mega za intaneti na wewe uongee naye."

Kamaldine, alipoona mdomo umemshinda, akaenda kituo cha afya kumwita Mama Darlène, ambaye kazi yake ni kukaa na watu wenye majonzi na kuwasikiliza. Alitaka amtoe shemeji yake wazimu. Mama Darlène akaja, akavua viatu, akaketi mkekani. Simu hakuiomba. Aliuliza tu, "Pitchou unamuambiaka nini?"

Feza hakutaka kusema. Kisha, kwa kuwa siku hiyo alikuwa tayari kugombana na yeyote, akalitoa neno lililomkaa. Asubuhi ile Abedi anaondoka walizozana, maana mume alikuwa ameapa kwamba harudi tena mashimoni. Feza akampigia kelele mlangoni: "Nenda, na usirudi!" Akafunga mlango kwa kishindo. Na kweli hakurudi. Ulimi hauna mfupa, sawa, lakini huku kwetu mke akitamka hivyo na mume akafa, watu hawasemi udongo ulianguka. Wanasema mke alimlaani. Neno lile likimfikia mama mkwe, Feza hana nyumba.

"Na Pitchou anajibu nini?"

"Kwamba si kosa langu."

"Unamuamini?"

"Namuamini mpaka kesho asubuhi. Halafu namuuliza tena."

"Kila siku?"

Feza akaitikia. Siku mia na kumi na tisa tangu Abedi afukiwe, na hakuacha hata moja.

"Sikuambii umufute," Mama Darlène akasema. "Alikaa na wewe wakati sisi wote tulikuacha peke yako, na mimi nilichelewa kuja. Lakini hawezi kukusamehe, Feza. Yeye hukumukosea."

Feza alikasirika, tena sana. "Umemaliza? Njia ni ile." Mama Darlène akavaa viatu vyake, akaenda. Neno lake halikwenda.

Siku eda ilipoisha Feza akaoga, akavaa nguo mpya, akatoka. Ukoo ulikuwa umejaa uwanjani, na Kamaldine alishaanza hotuba kuhusu simu.

"Shemeji, kaa," Feza akamkata. "Nitakupa sababu nzuri zaidi ya kunifukuza."

Akamgeukia mama mkwe wake, akalisema neno lote bila kulipunguza, na sauti yake ikafika barabarani. "Ni mimi nilimuambia mutoto wako asirudi. Kama nimemuua, unihukumu wewe, mama. Nimechoka kusamehewa na simu."

Kamaldine akafungua mdomo. Mama yake akamwinulia mkono.

"Nilikusikia siku ile," yule mama akasema. "Ukuta wetu ni mumoja. Miezi hii yote nakusikia unauliza simu, na jibu liko kwangu. Nikangoja uje. Kiburi chako na changu!" Akapangusa uso. "Ulipofunga mulango, Abedi alisimama pale penye kinu, akacheka. Akaniambia, 'Mama, umemusikia? Hasira yake ikiisha umupe sombe, asishinde na njaa.' Akapanda pikipiki anacheka."

Feza alikaa chini palepale, na nguo yake mpya, akalia kilio ambacho Pitchou hakuwahi kukisikia. Mama mkwe akaketi naye mavumbini. Kamaldine, asiyejua kushindwa, akanong'ona kwamba eda imeisha, kulia kumepita.

"Kwangu ndiyo kunaanza," Feza akamjibu kutoka chini. "Na simu sifuti."